Watu wa Nyavu, Uzi wa Ngoma Umewashinda

Khaa! Bendi ya kanisa imepita hapa Gatete Jumapili, tarumbeta zinang'aa, watoto wamefunga skafu shingoni, ngoma kubwa inakwenda dum, dum, kama kawaida yake. Halafu ile ndogo ya nyaya, ile ya kumwamsha aliyesinzia na kumfanya apige hatua bila kupenda, inalia kama ndoo ya mawese iliyotoboka. Kijiwe kizima kikasonya. Muuza kahawa akasonya, mvuvi aliyekuwa anashona nyavu akasonya, hata kijana wa teksi-velo, ambaye hajui mlango wa kanisa uko upande gani, naye akasonya.

"Ngoma imezeeka," akasema mmoja. "Wachange, wanunue mpya."

Nyoo! Hiyo ndiyo dawa yetu ya kila ugonjwa. Redio ikikoroma, nunua nyingine. Jembe likilegea mpini, nunua lingine. Sasa hao wanaoambiwa wachange, wachange nini? Kwa shida hii ya mafuta ya gari, kutoka Rumonge kufika Bujumbura, kilomita 70 na ushee, ni safari ya kuagana na watoto. Na ukifika huko na sadaka za watu mfukoni, utauziwa kopo lililopakwa rangi ya fedha, skrubu zake zimeshalika kabla ya Pasaka.

Ngoma ile mimi naijua. Pipa lake ni shaba tupu, zito, linamchosha anayelibeba kabla hajafika sokoni. Ni ya zamani, ya enzi ambazo wenye viwanda walitengeneza kitu wakijua mjukuu atakirithi. Ngozi zake zilishabadilishwa, sasa ni za plastiki, aina ile ambayo Remo Belli alianza kuiuza Marekani mwaka 1957, ndama wakapumzika. Skrubu zinazunguka. Pete haijapinda. Kinachoumwa ni uzi. Uzi! Tena kwa watu ambao baba zao na babu zao wamekula kwa uzi.

Igeuze juu chini utaona mambo yote. Ngozi ya chini ni nyembamba mno, unene wake haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Juu yake zimelala nyaya, kwa kawaida 20, zilizosokotwa kwa mtindo wa springi na kuunganishwa kwenye vibati viwili, kimoja kila mwisho. Ukiipiga ngozi ya juu, hewa iliyo ndani inaisukuma ya chini, nyaya zinaruka na kurudi, na huko kurudi ndiko kunakotoa ule mkwaruzo mkavu. Nyaya zikikaa mbali na ngozi hata kidogo tu, mkwaruzo umekwisha, umebaki na kingoma cha kuitia watoto uji. Na kinachozishika zisiende mbali ni kipande cha uzi kila upande: upande mmoja kimebanwa moja kwa moja kwenye pipa, upande wa pili kimebanwa kwenye mkono mdogo wa chuma unaopanda na kushuka, wenye skrubu ya kukazia. Mlio wote wa pipa zima la shaba umening'inia hapo.

Mzee mmoja wa hapa akatema mate pembeni, akauliza: "Na kwa nini ngoma ifungwe nyaya? Ngoma ya Burundi ina uzi gani?"

Ana haki ya kuuliza. Ngoma yetu ni gogo, aghalabu la mti wa umuvugangoma, na ngozi ya ng'ombe iliyowambwa kwa vigingi vya mti. Hakuna kamba, hakuna skrubu, hakuna fundi wa kuitwa. Ndizo zinazotunzwa kule Gishora karibu na Gitega, na uchezaji wake UNESCO iliuingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Wafaransa walizirekodi mwaka 1967, na mwaka 1975 Joni Mitchell, mwanamuziki mzaliwa wa Kanada, akazitia kwenye wimbo wake. Kwa hiyo wao wamechukua ya kwetu isiyo na nyaya, sisi tumechukua ya kwao yenye nyaya. Ya kwetu wameifikisha kwenye santuri. Ya kwao sisi hata kuifunga tumeshindwa.

Lakini Mzee, mkwaruzo wenyewe si mgeni hapa. Ikembe nyingi zina vipete vya chuma vya kuzifanya zilie kwa mtetemo. Ng'ambo ya ziwa, mbali huko kwa Waluba, kuna ngoma zinazotobolewa tundu ubavuni, tundu likafunikwa utando wa buibui, makusudi ili ngoma ikorome. Na bendi za tarumbeta watu wa Kiswahili wamezicheza tangu mwisho wa karne ya 19. Si beni ile? Ilianzia pwani, Lamu na Mombasa, vijana wakiiga bendi za kijeshi za wakubwa, halafu vita vya 1914 hadi 1918 vikaisambaza bara pamoja na askari na wapagazi. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Makanisa nayo yakashika yake. Wakimbangu, ambao kanisa lao lilianzia Nkamba huko Kongo mwaka 1921, wanajulikana sana kwa bendi zao. Kwa hiyo tusijifanye ngoma ya nyaya imeshuka jana kwenye boti ya Kigoma.

Halafu kuna jambo ambalo wenzangu wa kijiwe wanalipita kimyakimya. Anayeipiga ile ngoma ni binti. Amri ya rais ya Oktoba 2017 iliwazuia wanawake kupiga ngoma ya kitamaduni, ikaweka pia ada ya franka 500,000 kwa waandaaji wa sherehe wanaotaka kupigiwa. Hii ya shaba haimo humo. Ndiyo ngoma aliyobakiwa nayo, jamani, nanyi mnamfungia kwa uzi wa ukuta!

Naam, uzi wa ukuta. Ukiangalia chini ya ngoma ile utauona: uzi wa rangi ya chungwa, ule ule ambao mafundi waashi wanautandaza kunyoosha mstari wa matofali. Fundi aliyeufunga yupo hapa hapa, anakunywa kahawa, wala hajifichi.

"Ule ni nailoni," akasema. "Haukatiki ng'o! Nimejenga nao nyumba ngapi?"

Nani amekuuliza kuhusu kukatika, bwana fundi? Hapo ndipo kijiwe kizima kinapopotea njia. Kila mtu anachagua uzi kwa nguvu, kana kwamba ngoma itapakia mifuko ya saruji. Nyaya zile hazina uzito wa kumtisha mtu. Kinachotakiwa ni uzi usiotanuka. Nailoni inatanuka, tena sana. Wewe ukutani unauvuta asubuhi, mchana ukilegea unauvuta tena, maisha yanaendelea. Binti yule akiwa katikati ya wimbo atauvuta saa ngapi? Ndiyo maana wimbo wa kwanza ngoma inalia vizuri, wa pili inasitasita, wa tatu ndoo imerudi, na watu wanasema mtoto amechoka.

Mvuvi akacheka mpaka sindano ya nyavu ikamponyoka. Huyu anafanya kazi kwenye apolo, ile mitumbwi iliyounganishwa yenye taa na wavu wa kuinua, anashinda kwenye nyuzi mchana na kulala kwenye nyuzi usiku. Akasema yeye angeleta uzi wa nyavu, namba 24 au namba 36, na akaanza kutusomesha. Namba 210 iliyoandikwa kwenye kibandiko ni uzito wa uzi mmoja mwembamba, gramu 210 kwa mita 9,000. Namba inayofuata, iwe 9, 12, 24 au 36, ni idadi ya nyuzi hizo zilizosokotwa pamoja. Namba 24 unene wake ni kama milimita moja. Tukasikiliza kwa adabu, maana hapo yeye ni profesa.

Lakini nikamuuliza: uzi huo ni wa nini?

"Nailoni."

Sasa? Si umerudi pale pale kwa fundi mwashi, ila umevaa shati jingine? Akanyamaza kidogo, halafu akasema jambo ambalo kwangu ndilo lililomaliza mjadala mzima, ingawa wengine waliendelea kubishana hadi alasiri. Alisema mvuvi anaipenda nailoni kwa sababu inatanuka. Sangala akishtuka na kuvuta ghafla, uzi unampa kidogo, unamchosha, unamrudisha. Uzi mgumu ungekatika au ungemchana mdomo akaenda zake. Tena nailoni inakunywa maji, na ikilowa inalegea zaidi, nayo huko ziwani inalowa kila siku na hakuna anayelalamika.

Mmesikia? Kinachompa mvuvi kitoweo ndicho kinachoiua ngoma. Na sisi tunaishi kando ya ziwa, hewa yetu ina unyevu, mvua zinaanza Oktoba zinakwenda mpaka Mei. Ukiacha ngoma yenye uzi wa nailoni kwenye stoo ya kanisa msimu mzima, usitarajie kuikuta ilivyokuwa. Kamba za pamba na katani nazo zina kiburi chake: zikilowa zinajikaza, zikikauka zinalegea. Leo nyaya zimebana ngozi mpaka ngoma haipumui, kesho zinaning'inia.

Basi kila mmoja akaleta chake. Kijana wa teksi-velo akaleta, angeleta nini kingine, mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande. Hapa kwetu hakuna kitu ambacho hakijafungwa kwa mpira huo: mkungu wa ndizi, godoro, mbuzi, hata jeneza. Lakini mpira kazi yake ni kutanuka, mwanangu. Nailoni tunaikataa kwa kosa hilo hilo, wewe unatuletea baba yake.

Fundi baiskeli akaja na waya wa breki. Huyu angalau alikuwa amefikiri. "Hautanuki," akasema, na ni kweli. Ila ni mgumu, haukubali kulala pale ukingoni, unasimama na kuzinyanyua nyaya juu ya ngozi. Na siku uzi wake mmoja mwembamba wa chuma ukichomoza, utaipasua ile ngozi ya chini ambayo nimeshasema ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na hapo ndipo utapanda Bujumbura kwa lazima.

Mdogo wake mvuvi ana uzi wa kisasa wa kuvulia, wa kusuka, aina ya Dyneema. Huo karibu hautanuki kabisa, na kwa nguvu umewashinda wote. Una tatizo moja: unateleza. Ukiubana kwenye kile kibanio cha zamani chenye skrubu ndogo mbili, unachomoka polepole, na fundo la kawaida linajifungua lenyewe. Mwenye subira anaweza kuupiga mafundo nyuma ya kibanio. Mimi sina subira hiyo, na fundi mwashi ndiyo kabisa. Ule mshipi wa plastiki wa uzi mmoja, unaong'aa, msiutaje hata kutaja. Unateleza, unatanuka, na kwa umbo lake la mviringo mgumu unakata.

Kisha muuza kahawa akakumbuka kwamba ana picha ya eksirei ya kifua chake, tangu alipokohoa ule mwaka. Msicheke. Filamu ya eksirei ni poliesta, ndugu moja na ile plastiki ya ngozi za ngoma, haitanuki, na ukiikata mkanda mwembamba kwa mkasi unapata kitu kinachofanana sana na mikanda ya kiwandani inayouzwa pamoja na nyaya mpya. Mwalimu wa bendi, aliyekuwa amefika kusikia anavyosemwa, akanyoosha mkono aipokee.

"Subiri kwanza," muuza kahawa akasema. "Kifua changu kipige ngoma kanisani, na mimi Ijumaa niko msikitini?"

Tulicheka, lakini kwa upande wangu naikataa kwa sababu nyingine. Mlango ule kwenye pete ya ngoma za zamani, pale uzi unapopita, ni mwembamba na una kona kali. Mkanda wa plastiki unapokunjwa pale unapata mkunjo wa kudumu, na kingo zake zinakwaruza ngozi. Kwa ngoma ya kisasa yenye mlango mpana, sawa. Kwa hii, iwe akiba tu.

Aliyetuokoa hakuwa hata mwenyeji wa kijiwe. Mama mmoja mshona nguo alikuwa anapita na mfuko wake, akasimama kusikia wanaume wazima wanagombana juu ya uzi, akasonya kuliko sisi sote, akatoa utepe. Utepe wa poliesta wenye vimistari vya kukwaruza, ule wa kuzungushia kofia na viuno vya sketi. "Huu hautanuki," akasema, "ungetanuka sketi zingewashuka njiani." Akaenda zake.

Haya, mwenye hoja ya kuushinda utepe aseme. Hautanuki, kwa sababu ni poliesta. Haunywi maji kama nailoni. Unashikwa vizuri na kibanio, kwa ajili ya vile vimistari. Lakini kubwa zaidi ni kwamba umelala. Ukingo wa chini wa pipa la ngoma hii umechongwa vibonde viwili vya kina kidogo, kimoja kila upande, pale nyaya zinapotokea. Vibonde hivyo ndivyo vinavyoziwezesha nyaya kulala sawasawa na ngozi mpaka mwisho wake. Ukipitisha pale kamba nene ya mviringo, umekijaza kibonde, ncha za nyaya zimenyanyuka, na hata ukaze mpaka jasho likutoke, katikati zitagusa na pembeni zitaelea. Ukipitisha uzi mwembamba kupita kiasi, nguvu yote inakaa mahali pamoja na ngozi inakatwa. Utepe unaitawanya nguvu hiyo na wala haunyanyui kitu.

Asiyepata utepe atafute kamba nyembamba ya kusuka ya poliesta, ile ya kupandishia mapazia ya ofisini, milimita moja na nusu hivi. Fundi viatu naye ana uzi wa poliesta wenye nta; ukiupitisha mara mbili kwenye matundu ya kibati, kazi inakwenda. Na kama hujui kamba uliyonayo ni ya nini, iweke kwenye glasi ya maji. Ile plastiki nyepesi ya kamba za buluu na njano, polipropilini, itaelea, itupe. Nailoni na poliesta zote zinazama, na hapo mtihani wa pili: ifunge juu ya dari, ining'inizie jiwe zito, weka alama mahali jiwe lilipofika, ukalale. Asubuhi jiwe limeshuka sana? Hiyo ni nailoni, mrudishie fundi mwashi.

Kufunga kwenyewe sasa. Hapa mafundi wetu wanaharibu hata wakiwa na uzi mzuri. Anza upande usio na mkono, bana utepe hapo. Zilaze nyaya katikati ya ngozi, kila kibati kiwe na umbali ule ule kutoka ukingoni, upime kwa rula, usipime kwa jicho. Skrubu ya kukazia iweke katikati ya safari yake, usiiache mwanzo wala usiifikishe mwisho, ili ibaki na nafasi ya kwenda huku na huku. Mkono uwe juu, mahali pake pa kupigia. Ndipo unapovuta upande wa pili, pande zote mbili za utepe kwa nguvu sawa, na kubana. Upande mmoja ukizidi, nyaya za upande ule zitalia na za upande wa pili zitanung'unika, na hakuna skrubu ya kulirekebisha hilo. Ncha za utepe zipitishie moto wa kiberiti zisichanike.

Na ukishamaliza, tafadhali, usikaze kama nati ya tairi! Ngoma ikibanwa sana nyaya haziruki, inatoa sauti ya meza. Kaza kidogo, piga polepole kwa kijiti, sikiliza kama mkwaruzo unatoka hata kwa pigo dogo, kaza tena kidogo. Inapoanza kuziba, rudi nyuma nusu duara. Bisibisi ipumzike.

Kwa hiyo mwalimu wa bendi, neno la kijiwe ni hili. Usichangishe mtu. Utepe wa poliesta, upana usiozidi ule mlango wa pete, nusu mita kila upande, unapatikana sokoni Rumonge kwa washona nguo, na bei yake haifiki nauli ya kwenda Bujumbura hata ukiigawa mara kadhaa. Ilete ngoma Jumamosi baada ya adhuhuri, muuza kahawa ameshatoa meza bure. Fundi mwashi aje, lakini aje kutazama. Na yule binti aje na vijiti vyake, maana atakayesema imepona au haijapona ni yeye.